Saa Mbili za Nafuu: Umeme na Maumivu Sugu



Nimeombwa nizungumzie tiba ya maumivu isiyo ya dawa, ile ya kupitisha umeme mdogo kwenye ngozi. Nitatanguliza jibu, maelezo yafuate, kwa sababu najua wengi wenu mmekuja na swali moja: mashine ile inaponya? Haiponyi. Goti lililolika gegedu halirudishiwi gegedu kwa umeme, na pingili ya mgongo iliyoharibika itabaki ilivyo. Mashine ikitumika sawasawa hupunguza maumivu kwa muda. Huwa dakika kadhaa, huwa saa moja, na kwa wengine saa mbili au tatu. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba muda huo ni mali kubwa, nasi tunaupoteza kila siku tunapomlaza mgonjwa kitandani, tukambandika vibandiko, tukamwambia atulie mpaka kengele ilie. Umeme huu kazi yake ni kumwezesha mtu asogee. Asiposogea, hatujamtibu.

Maumivu huitwa sugu yakishapita miezi 3. Yakifika hapo hayatuonyi tena kama yalivyotuonya siku tulipokanyaga msumari. Kwa wengine jeraha limekwisha kufunga na mfupa umeshaunga, lakini mishipa ya fahamu bado haijatulia. Inapokea mguso wa kawaida na kuupeleka ubongoni kama kichomi. Kwa wengine ugonjwa wenyewe ungalipo, kama baridi yabisi au goti la uzeeni. Nawaona hawa wote kliniki. Yupo dereva wa bodaboda asiyeweza kukaa, yupo mama lishe anayesimama jikoni tangu alfajiri na kiuno kinawaka, na yupo mzee wa jembe la mkono ambaye kuchuchumaa chooni kumekuwa mtihani.

Kabla hawajafika kwetu wameshapita duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa rejareja, vidonge vichache kwa wakati, na humezwa kwa miezi, pengine kwa miaka. Ni dawa nzuri kwa siku chache. Zikizoeleka huchubua tumbo mpaka vidonda, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo. Na mgonjwa wa kisukari au wa presha figo zake tayari zina mzigo wa kutosha. Mimi sina ugomvi na kidonge. Nina ugomvi na kidonge kinachomezwa mwaka mzima na mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kuna njia nyingine.

Marekani walipita njia yao, ikawagharimu roho za watu. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilileta sokoni kidonge cha OxyContin, cha jamii ya afyuni, na wauzaji wake wakawatuliza madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri kosa mahakamani kwa jinsi ilivyoitangaza dawa hiyo, na mwaka 2020 ikakiri makosa mengine. Kufikia 2021, watu zaidi ya 80,000 walikufa Marekani katika mwaka mmoja kwa kuzidisha vitu vya jamii hiyo, sehemu kubwa ikiwa fentanili ya magendo. Msiba huo umewarudisha watafiti wengi kwenye njia zisizo za dawa, umeme ukiwa mojawapo.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hoja hii nimeisikia ikipindishwa. Msiba wa Marekani si wetu. Kwetu Afrika Mashariki mgonjwa wa saratani hufa akilia kwa kukosa mofini, hafi kwa kuzidishiwa. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alikwenda na mofini ya maji, ya kunywa, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa angeweza kuitumia nyumbani kwake. Na nchi nyingi za bara hili zimekwenda Kampala kujifunza. Kazi hiyo ni takatifu. Mtu yeyote asitumie maneno "bila dawa" kumnyima mofini mtu anayekufa na saratani. Umeme ninaouzungumzia ni wa mgongo, goti, bega, shingo, na neva zilizoumizwa na ajali au ugonjwa.

Wazo lenyewe ni la kale. Karibu mwaka 47 baada ya Kristo, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye kuumwa kichwa awekewe samaki wa umeme, aina ya taa, akiwa hai, pale pale panapouma. Na mwenye jongo amkanyage samaki huyo ufukweni palipolowa mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Taa wa namna hiyo wamo pia katika Bahari ya Hindi, na Ziwa Tanganyika lina kambare wake wa umeme. Katika karne ya 18, mashine za kuzalisha umeme kwa msuguano zilipopatikana, mhubiri John Wesley alianza kuwatibu nazo maskini wa London bila malipo, mwaka 1756, na mwaka 1760 akatoa kitabu kuhusu umeme na manufaa yake. Baada yake wakaja wafanyabiashara. Mwishoni mwa karne ya 19 magazeti ya Uingereza na Marekani yalijaa matangazo ya mikanda ya umeme, ikidaiwa kutibu kila kitu, kuanzia mgongo hadi upungufu wa nguvu za kiume. Madaktari waangalifu wakajitenga, na kwa miaka mingi mtu akitaja tiba ya umeme alidhaniwa tapeli. Biashara ile haijafa. Leo inawafikia kwenye simu zenu, kwa sura ya kandambili za umeme na mashine za "kutoa sumu mwilini", kwa ahadi zile zile.

Mambo yalibadilika kwa makala moja iliyotoka katika jarida la Science mwezi Novemba 1965. Iliandikwa na Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mwanafiziolojia Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Kabla yao, elimu iliyofundishwa kwa karne nyingi ilisema kwamba maumivu yana njia yake moja kutoka kidoleni hadi ubongoni, na kwamba ukubwa wa jeraha ndio ukubwa wa maumivu. Kwa elimu hiyo, mgonjwa aliyelalamika bila jeraha la kuonekana aliambiwa anajitia. Melzack na Wall walisema kwamba ndani ya ugwe wa uti wa mgongo kuna lango. Habari ya maumivu hufika hapo, na kabla haijaruhusiwa kupanda inaweza kupunguzwa, au hata kuongezwa, na mambo mengine yanayoendelea mwilini na akilini wakati huo.

Wanafunzi wangu wa fiziotherapia, hapa tulieni, kwa sababu msipolielewa lango hamtaielewa mashine. Mtu akijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti husikia mambo mawili. Kwanza mchomo mkali, wa papo hapo. Halafu, baada ya kitambo kifupi, maumivu mazito yanayopwita na kuenea. Hali hiyo hutokea kwa sababu habari zinasafiri kwa nyuzi za aina mbalimbali ndani ya neva. Nyuzi nyembamba kabisa, zisizo na ala ya mafuta, ndizo zinazobeba yale maumivu mazito, na mwendo wake ni kama mita 1 kwa sekunde. Nyuzi nene, zinazobeba habari za mguso na mtetemo, zinakwenda mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Zote huingilia upande wa nyuma wa ugwe. Nyuzi nene zikiwa na shughuli nyingi, huziamsha seli ndogo zilizopo pale, na seli hizo hupunguza nguvu ya habari inayoletwa na nyuzi nyembamba. Ndiyo maana mtoto akianguka mama humsugua palipoumia, na mtoto hunyamaza kweli. Bibi zetu waliotuchua kwa mafuta ya nazi walikuwa wanafanya kazi kwenye lango hilo hilo.

Nyuzi nene zina sifa nyingine inayotufaa sana: huamka kwa umeme mdogo kuliko ule unaohitajika kuziamsha nyembamba. Kwa hiyo ukipeleka kwenye ngozi mipigo mifupi ya umeme, kila mpigo ukidumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, unaweza kuziamsha za mguso na kuziacha za maumivu zimelala. Mgonjwa husikia kisisimko, hasikii kichomi.

Wall hakuridhika na nadharia. Yeye na William Sweet, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Boston, walijichoma wenyewe elektrodi za sindano kwenye neva ya uso, chini ya jicho, wakapitisha umeme na kuona kwamba sehemu ile haiumii ikichomwa. Kisha wakawafanyia wagonjwa 8 wenye maumivu makali ya muda mrefu, kwa mipigo 100 kwa sekunde. Umeme ulipokuwa unapita, sehemu zilizokuwa haziguswi ziliweza kubonyezwa bila kuuma. Kwa wagonjwa 4, ambao neva zao za nje ndizo zilizokuwa na ugonjwa, dakika 2 za umeme zilileta nafuu iliyozidi nusu saa. Hayo yalichapishwa mwaka 1967. Iangalieni vizuri hesabu hiyo, dakika 2 kwa nusu saa, na pia muone kwamba wengine 4 hawakubaki na nafuu hiyo. Tangu siku ya kwanza tiba hii imekuwa ikiwafaa baadhi ya watu na si wote.

Mwaka huo huo, mjini Cleveland, Norman Shealy alimpandikizia mgonjwa wa saratani elektrodi karibu na ugwe wenyewe. Wagonjwa walipokuwa wakichaguliwa kwa upasuaji wa namna hiyo, walijaribiwa kwanza kwa umeme wa juu ya ngozi. Wapo waliopata nafuu ya kuwatosha kwa jaribio lile tu, wakaona hakuna haja ya kisu. Ndipo katika miaka ya 1970 zikatengenezwa mashine ndogo za betri, za kuvaliwa kiunoni, ambazo hospitalini tunaziita TENS.

Lango si habari yote. Mwaka 1975, huko Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz walionyesha kwamba ubongo hutengeneza kemikali zake zenye kazi kama ya mofini. Baadaye Kathleen Sluka na wenzake katika Chuo Kikuu cha Iowa walifuatilia kwa wanyama, hatua kwa hatua, namna umeme wa ngozini unavyoziamsha kemikali hizo. Mipigo ya polepole, chini ya 10 kwa sekunde, hufanya kazi kupitia vipokezi vile vile ambavyo mofini huvitumia. Mipigo ya haraka, kama 100 kwa sekunde, hupitia vipokezi vya aina nyingine. Kwa mtaalamu wa kliniki jambo hili lina maana kubwa: mgonjwa aliyezoea tramadoli au mofini, vipokezi vyake vya aina ile ya kwanza vimeshazoea, basi mipigo ya polepole haitamsaidia sana. Mpe ya haraka. Na mgonjwa wa kawaida akitumia mpangilio ule ule kila siku, mwili nao huuzoea. Inabidi kuubadilisha, au kuongeza nguvu kidogo kidogo. Kwa hiyo tunaposema tiba isiyo ya dawa, tunamaanisha kwamba mgonjwa hamezi kitu. Dawa yenyewe ipo, anaitoa yeye mwilini mwake.

Sasa nifike kwenye ubishi, kwa sababu upo na ni wa haki.

Mwaka 1990 Richard Deyo na wenzake walitoa katika jarida la New England Journal of Medicine jaribio la wagonjwa 145 wa mgongo sugu. Mashine za kweli hazikuzishinda zile za bandia. Waliofanya mazoezi ndio walioonyesha maendeleo, nao walipoyaacha, miezi miwili baadaye faida ikawa imetoweka. Mwaka 2012 bima ya afya ya wazee ya Marekani iliacha kulipia TENS kwa mgongo sugu, isipokuwa ndani ya utafiti. Uingereza, taasisi ya NICE inayoshauri matibabu ya umma ilisema mwaka 2016 kwamba wagonjwa wa mgongo wasipewe, na mwaka 2021 ikarudia hivyo kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane yalihitimisha kwamba ushahidi uliokusanywa ni dhaifu mno kutoa kauli yoyote, ya kukubali au ya kukataa.

Mtu anaweza kuishia hapo na kuitupa mashine. Wenzangu wengi wameitupa. Ukifungua makabati ya idara zetu utazikuta, betri zimevuja. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu imo ndani ya tafiti zenyewe.

Tazameni jinsi tafiti nyingi za zamani zilivyofanywa. Mgonjwa alipewa umeme hafifu, ambao hata kuusikia ni kwa shida. Na aliulizwa anaumwa kiasi gani akiwa amekaa, tena saa nyingi au siku nyingi baada ya mashine kuzimwa. Huwezi kuipima hivyo tiba ambayo kazi yake ni ya saa chache na inahitaji nguvu ya kutosha. Jan Bjordal wa Norway alitoa mwaka 2003 uchambuzi wa majaribio 21 ya wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Kwa jumla umeme ulipunguza dawa za maumivu walizohitaji kwa zaidi ya robo. Na pale ulipotolewa kwa nguvu ya kutosha, mpaka mgonjwa akasikia kisisimko chenye nguvu, ulipunguza kwa zaidi ya theluthi. Hayo ni maumivu ya muda mfupi, si sugu, lakini yanatufundisha kwamba kipimo cha umeme ni kipimo kama cha dawa nyingine yoyote. Hakuna anayempa mtu mzima robo ya kidonge kisha akatangaza kwamba kidonge hakifai.

Utafiti ninaouthamini kuliko wote ulitoka mwaka 2020, kazi ya Dana Dailey, Sluka na wenzao. Waliwachukua wanawake 301 wenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima unaoambatana na uchovu mkubwa, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi moja lilipata mashine ya kweli, la pili mashine ya bandia, la tatu halikupata kitu. Mashine ya bandia iliandaliwa kwa akili: ilitoa umeme kwa sekunde 45 za mwanzo, kisha ikajizima taratibu. Kuificha tiba hii ni kugumu, kwa kuwa mtu anajua kama anasisimka au hasisimki, na hila ile ilikuwa jitihada ya kweli ya kutenda haki. Wanawake wale waliambiwa watumie mashine angalau saa 2 kwa siku, kwa wiki 4, wakiwa katika shughuli zao. Na kipimo kikuu kilikuwa maumivu yao wakitembea, si wakiwa wametulia. Maumivu ya kutembea yalipungua kwa kundi la mashine ya kweli kuliko kwa makundi mengine. Asilimia 70 yao walisema hali yao imekuwa nzuri zaidi, dhidi ya asilimia 31 kwa mashine ya bandia na 9 kwa wasiopewa kitu.

Msizipite haraka namba hizo. Ile 31 inaonyesha kwamba matumaini na kujaliwa vina nguvu yake, na mtaalamu mwaminifu hawezi kuificha. Tofauti ya 31 na 70 ndiyo sehemu ya umeme wenyewe. Na mwaka 2022 Mark Johnson na wenzake wa Leeds walikusanya majaribio 381 na kuona kwamba wakati mashine inafanya kazi, na mara tu baada yake, maumivu hupungua kuliko kwa tiba ya bandia, na madhara ni machache na mepesi. Angalieni faida hiyo inapatikana lini: wakati mashine inafanya kazi na mara tu baada yake. NICE na Johnson hawapingani kwa kiasi kinachodhaniwa. Mmoja ameuliza kama mashine ifanywe tiba ya ugonjwa, mwingine ameuliza kama inaleta nafuu ikiwa imewashwa. Na Deyo, aliyeonekana kuiangusha, ametuachia fundisho la upande wa pili, kwamba mazoezi ndiyo yaliyoleta faida, na faida hiyo ilikoma watu walipoyaacha. Kwa nini waliyaacha? Kila mtu aliyewahi kumfundisha mwenye mgongo mazoezi anajua sababu mojawapo: yanauma. Basi weka umeme pale penye mazoezi yanayouma, na uyafanye mambo hayo mawili kwa wakati mmoja.

Kuhusu vifaa vinavyopandikizwa karibu na ugwe nitasema kwa kifupi. Ni ghali, vinahitaji upasuaji na daktari wa kuvifuatilia kwa miaka, na kwa wengi wetu haviko karibu. NICE waliviidhinisha mwaka 2008 kwa maumivu sugu ya neva, na wapo watu waliosaidika navyo. Lakini mwaka 2022 jaribio moja la Norway lenye wagonjwa 50, ambao kifaa kiliwashwa na kuzimwa bila wao kujua, halikuona tofauti ya maana. Atakayeambiwa auze shamba akapandikiziwe kifaa hicho nje ya nchi, aulize maswali mengi kwanza.

Turudi kwenye mashine ndogo, tuone inavyotumika. Vibandiko viwekwe kuzunguka panapouma au kwenye njia ya neva inayopita hapo, juu ya ngozi safi, kavu, isiyo na mafuta. Mafuta ya nazi, pamoja na sifa zake, yaje baadaye. Anza na mipigo kama 100 kwa sekunde. Ongeza nguvu taratibu mpaka mgonjwa aseme ni kali, lakini anaivumilia bila kukunja uso. Baada ya dakika chache atasema imepungua. Haijapungua, ni mwili umeizoea, ongeza tena. Wataalamu wengi hukosea hapa kwa huruma. Wanamwona mama mzee, wanaogopa kumwumiza, wanamwekea umeme asioweza kuusikia, kisha wote wawili wanakubaliana kwamba mashine haifai.

Na umeme ukiwa unapita, mgonjwa asimame. Mwenye goti apande na kushuka ngazi. Mwenye kiuno ainame na kuinua ndoo, kwanza tupu, kisha yenye maji kidogo. Mimi huwauliza wagonjwa wangu ni kitu gani maumivu yamewanyang'anya, na sipati jibu la namba kutoka 0 hadi 10. Bibi mmoja aliniambia hawezi tena kusujudu, anaswali kwenye kiti, na hilo linamuuma kuliko goti. Mwingine alitaka kupiga magoti kanisani. Mwingine alitaka kupanda daladala bila kushikwa mkono na konda. Hayo ndiyo ya kupima. Tulifanya mazoezi ya kusujudu huku mashine imewashwa, juu ya mto kwanza, halafu juu ya mkeka, na jambo lililompa yule bibi ujasiri ni kugundua kwamba goti lake linaweza kukunjwa bila kuvunjika. Maumivu sugu huleta woga wa kusogea, woga huleta misuli dhaifu, na misuli dhaifu huongeza maumivu. Saa mbili za nafuu ni mahali pa kuukata mzunguko huo.

Wapo wasiopaswa kuguswa na mashine hii bila idhini ya daktari, na hapa sitanii. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mwenye kifafa, hasa kwa vibandiko vya kichwani na shingoni. Mjamzito asibandikwe tumboni wala kiunoni, labda kwa uangalizi wa wataalamu. Mtu yeyote asibandikwe mbele ya shingo, ambako kuna mishipa inayotawala presha, wala juu ya kidonda au uvimbe wa saratani. Mwenye ngozi iliyokufa ganzi kwa kisukari au ukoma apimwe kwanza kama anasikia mguso, kwa sababu asiyesikia anaweza kuungua bila kujua. Asiitumie anayeendesha gari, pikipiki au mashine ya kusaga. Na mtu asije akaunganisha waya za ukutani kwa kudhani umeme ni umeme. Mashine hii ya betri hutoa mkondo mdogo sana unaodhibitiwa. Shoti ya ukutani inaua. Maumivu mapya nayo yasifunikwe kwa mashine: mgongo unaouma pamoja na homa, kupungua uzito, miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja ni wa kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Ninaloliomba kwa wenye mamlaka ni dogo kwa gharama. Leo mgonjwa anasafiri kutoka kijijini, analipa nauli, anapata dakika 20 za umeme akiwa amelala, anarudi. Nafuu inamwishia ndani ya basi. Tumgeuzie utaratibu. Idara ziwe na mashine za kuazimisha, kama maktaba inavyoazimisha vitabu. Mgonjwa afundishwe kliniki mpaka aweze kujibandika mwenyewe, ajaribu kwa wiki moja mbele yetu, na tuone kama ni miongoni mwa wale inaowafaa. Ikimfaa, aende nayo nyumbani kwa mwezi, aivae anapopalilia, anapofua, anapokwenda sokoni, na aandike kwenye daftari umbali aliotembea na vidonge alivyomeza. Vibandiko ndivyo vinavyochakaa haraka, basi bajeti iviangalie hivyo zaidi ya mashine. Na isipomfaa baada ya wiki moja ya kipimo kamili, airudishe, apewe mgonjwa mwingine, nasi tukae naye kutafuta njia nyingine bila kumwambia kwamba anajitia.